Umeipata baiskeli uliyoitamani: rangi iwe ya mwisho

Swali la msomaji: "Tangu utotoni nimeitamani baiskeli nyeusi ya zamani, ile ndefu ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za fito, kiti cha ngozi chenye springi na kava la cheni. Mwaka huu nimeipata, Raleigh ya kiume, imechakaa lakini inatembea. Nataka iwe yangu kweli: niipake rangi ya bluu, nibadili breki ziwe za waya, niongeze gea, niweke kiti laini na kikapu mbele, na niandike jina langu. Rafiki zangu wanasema kuigusa ni kuiharibu. Niibadili au niiache? Na nikiibadili, nianze na nini?"

Ibadili, ndugu yangu, na hongera kwa kuipata. Baiskeli hii ilitengenezwa ibebe watu na mizigo kila siku, na aliyeimiliki kabla yako bila shaka naye aliigusa hapa na pale. Ninachokusihi ni kupindua mpangilio wako. Rangi uliyoitaja kwanza iwe ya mwisho, na yawezekana ukifika huko hutaitaka tena. Breki za waya usizifunge, nami nitaeleza kwa nini fremu na rimu zako haziziruhusu. Kisha kuna kitu ambacho hukukitaja kabisa, meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu dogo linaloshika cheni, na hicho ndicho kitakachobadili safari zako kuliko vyote ulivyovitaja.

Nina sharti moja tu kwa mtu aliyepata baiskeli ya namna hii: mwaka wa kwanza, kila unachofanya kiweze kurudishwa kwa spana. Kubadili kiti kunarudishika. Kubadili sproketi kunarudishika. Kukata, kutoboa, kuchomelea na kukwangua rangi hakurudishiki. Kila kipande cha asili unachokitoa kipake mafuta, kifunge kwenye kitambaa, uandike kimetoka wapi. Silisemi hili kwa kuwa baiskeli ni kitu cha makumbusho. Mtu aliyeitamani baiskeli kwa miaka anaijua kwa macho tu, mwili wake bado haujaijua. Kitu unachodhani kitakukera, kama ule uzito wa takriban kilo 20, huenda ukakizoea kwa wiki moja, na usichokifikiria kabisa, kama kiti kilichoinama kidogo mbele, kikakuumiza mikono kila siku. Iendeshe kwanza kama ilivyo, ikishakuwa salama.

Na kabla ya kununua hata nati moja, ijue ni nini hasa uliyo nayo. Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Raleigh ilianza Nottingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1880, na umbo hili likaja kufuatwa na viwanda vingi, vikiwemo Flying Pigeon wa China tangu 1950 na Hero wa India tangu 1956. Kwa hiyo vipuri vya baiskeli hizi vinafanana sana kwa macho, na vingi vinaingiliana kweli. Vichache visivyoingiliana ndivyo vinavyoharibu fremu.

Anza na tairi. Ubavuni limeandikwa 28 × 1½, lakini hiyo 28 isikudanganye, kwa sababu tairi za baiskeli nyingi za kisasa nazo huitwa za inchi 28 na hazitakaa kwenye rimu zako. Tafuta namba ya milimita. Kwako ni 40-635: 40 ni unene wa tairi, 635 ni kipenyo cha mahali linapokalia rimu. Tairi za kisasa za 28, zile za 700C, ni 622. Zimepungua milimita 13, na hakuna kijiko cha kupachulia tairi kitakachozilazimisha.

Kisha hesabu spoki. Mtindo wa Kiingereza wa zamani ulikuwa spoki 32 mbele na 40 nyuma, ilhali leo 36 kwa 36 ni jambo la kawaida. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, lazima iwe na matundu sawa na rimu, kwa hiyo mtu anayenunua habu ya gea yenye matundu 36 bila kuhesabu hurudi nyumbani na kitu asichoweza kukifunga. Andika hesabu yako kwenye karatasi, pamoja na namba ya fremu, utembee nayo kila uendapo kutafuta vipuri. Namba ya fremu piga na picha. Siku baiskeli ikiibwa utaihitaji.

La hatari zaidi ni nyuzi, ile mikato ya mzunguko inayoshikanisha bolti na nati. Kwenye vikombe vya ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli, na kwenye shingo ya uma wa mbele, Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Kikombe cha 24 kitaingia mzunguko mmoja au miwili kana kwamba kinafaa, halafu kitakaza. Mtu asiyejua atadhani ni kutu, ataleta spana ndefu zaidi, na atakachokuwa anakata ni nyuzi za fremu yenyewe. Ndiyo maana nasema vikombe na ekseli ulivyonavyo vitunze. Vioshe kwa mafuta ya taa, tazama njia ya gololi kwa mwanga mzuri, na kama haina mashimo weka gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, na grisi ya kutosha. Kazi hiyo ya jioni moja huifanya baiskeli iliyokuwa ikiguna izunguke kimya.

Ukiwa hapo hapo, shughulikia kotapini, zile pini mbili zinazoshikilia mikono ya krenki. Ukisikia au kuhisi kugonga mara moja kwa kila mzunguko, pale tu mguu unapokandamiza, ni pini iliyolegea, na ukiendelea kuiendesha hivyo itakula ekseli. Kuitoa kunahitaji ustaarabu. Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya pini, simamisha bomba la chuma au gogo gumu kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, ndipo upige nyundo. Bila egemeo hilo kila pigo linaishia kwenye gololi na vikombe ulivyovisafisha. Wakati wa kurudisha, pini mbili hutazamana kinyume: krenki zikiwa zimelala sambamba na ardhi, nati moja iangalie juu na nyingine chini, la sivyo pedeli hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Pini huingizwa kwa nyundo au kwa kibano. Nati ni ya kuishikilia tu isirudi. Anayeivuta pini kwa nati hukata nyuzi zake. Endesha kilomita chache, gonga tena, kaza tena. Na upime kipenyo kabla ya kununua, kwa sababu za Kiingereza ni milimita 9.5 na kuna nyingine za 9 ambazo zitaingia kwa urahisi na hazitakaa.

Sasa breki. Naelewa kwa nini unataka za waya. Hizi za fito zina sifa mbaya. Lakini angalia zinavyofanya kazi. Breki ya waya hubana rimu ubavuni, kutoka kushoto na kulia. Ya fito huvuta raba kwenda juu, zikandamize upande wa ndani wa rimu, ule unaoitazama habu. Rimu yako, ya aina iitwayo Westwood, ilifinyangwa kwa ajili hiyo: ina njia mbili bapa upande wa ndani, na mbavu zake zimeviringika. Ukifunga breki ya waya, raba zitakosa pa kushika. Ili zifanye kazi itabidi ubadili rimu, na ukibadili rimu umebadili magurudumu yote mawili, kisha uanze kutafuta breki zenye mikono mirefu ya kutosha kufika. Mwisho wa safari hiyo utakuwa na baiskeli nyingine.

Ipe breki yako nafasi kwanza, kwa sababu nyingi ninazoziona hazina ubovu wowote, zimeachwa tu bila matunzo. Raba za miaka 30 ni ngumu kama ubao, nunua mpya. Safisha njia za ndani za rimu hadi kitambaa kitoke cheupe. Tia tone la mafuta kwenye kila kiungo cha fito, ukihakikisha halifiki kwenye rimu. Legeza vibano vya fito, upange raba zote mbili ziguse kwa wakati mmoja, zikiwa na mwanya wa milimita 2 au 3 hivi zinapopumzika. Halafu nenda kwa fundi anyooshe magurudumu, umwambie waziwazi kwamba unataka yanyooshwe juu na chini, si kushoto na kulia peke yake. Mafundi waliozoea breki za waya huangalia myumbo wa pembeni tu. Kwenye breki ya fito gurudumu lenye nundu ndilo tatizo, kwani raba inavutwa kutoka katikati ya duara kwenda nje, na kila nundu ikipita breki inashika na kuachia. Ukishafanya haya, kwenye ukavu baiskeli itasimama vizuri kuliko unavyodhani.

Kwenye mvua ni jambo jingine, nami sitakuficha. Chuma chenye kromu kikilowa kinateleza, na marekebisho hayaondoi hilo. Anza kushika breki mapema ili raba zifute maji, na uache umbali mkubwa. Lakini kama njia zako zina miteremko mirefu na mvua za kweli, badiliko ninaloliunga mkono kwa moyo wote ni habu ya mbele yenye breki ya ngoma ndani yake. Sturmey-Archer wanazitengeneza. Ngoma imefunikwa, haijali maji, na ukipata ya matundu 32 itasukwa kwenye rimu yako ile ile. Itahitaji waya mmoja, mkono mmoja wa breki, na kibano kinachofunga mkono wa ngoma kwenye uma ili isijizungushe. Macho hayatagundua upesi, na siku ukitaka kurudisha ya zamani, habu ya asili inakusubiri kwenye kitambaa chake.

Ikishakuwa salama, ifanye ikufae mwili. Urefu wa kiti kwanza: kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Wengi hukaa chini mno wakitaka nyayo mbili ziguse ardhi, halafu wanalaumu uzito wa baiskeli. Ukiinua, acha bomba la kutosha ndani ya fremu. Sentimita 6 au 7 ni kiasi cha busara, na ndivyo hivyo kwa shingo ya usukani.

Kiti laini nakuomba usikinunue bado. Baiskeli hii inakukalisha wima, uzito wako karibu wote uko kwenye kiti, ndiyo sababu kina springi. Sponji nene huonekana ya raha dukani. Baada ya saa moja mifupa ya makalio imeshazama hadi chini na sponji inabana mahali ambapo haipaswi. Ngozi iliyotandazwa hufuata umbo la mwenye kuikalia, kwa taratibu, na hicho chako kimefuata umbo la mtu mwingine, kwa hiyo kipe miezi kadhaa kikujue. Kipake mafuta ya ngozi kidogo juu na zaidi upande wa chini, kifunike mvua inapokuja, usikiloweke kamwe. Bolti iliyo chini ya pua ya kiti ni ya kukaza ngozi iliyolegea. Robo mzunguko, basi, na si kila mwezi. Pua iinuke kidogo tu ili usiteleze mbele ukaishia kuegemea mikono. Ngozi ikiwa imepasuka kwenye ripiti, hapo badili bila kusita, lakini tafuta ngozi nyingine yenye springi.

Usukani hauwezi kubadilishwa kirahisi, maana mikono ya breki na fito zimeunganishwa nao. Unaweza kuuinua au kuushusha, mradi ulegeze kwanza vibano vya fito na uvipange upya baadaye. Vishikio, hata hivyo, ni vyako kuvichagua. Viwe vya ngozi, vya mpira au vya gome la koki, kiganja chako kitavigusa kila siku kuliko sehemu nyingine yoyote, na vinatoka kwa dakika chache. Bluu unayoitaka inaweza kuanzia hapo.

Nilikuahidi meno ya sproketi. Hesabu ya mbele na ya nyuma. Tuseme mbele ni 48 na nyuma 18. Gurudumu la inchi 28 husafiri karibu mita 2.23 kwa mzunguko mmoja, hivyo kila ukizungusha krenki mara moja unakwenda karibu mita 6. Ni nzuri kwenye tambarare yenye upepo wa nyuma, na ni adhabu kwenye mwinuko. Weka 20 nyuma, utakwenda kama mita 5.4. Weka 22, inashuka hadi 4.9. Kipande kimoja kidogo cha chuma, cheni ikiongezwa pingili mbili, na ile baiskeli nzito inageuka kuwa baiskeli ya kupanda nayo kilima ukiwa umekaa. Hakikisha tu friwili kubwa, yaani hiyo sproketi mpya ya nyuma, haikwaruzi kava la cheni. Kwenye kava lililofunga pande zote nafasi ni finyu, jaribu kabla ya kufunga moja kwa moja. Kwa mtu anayebeba mzigo, 22 ndiyo ningeichagua bila kufikiri mara mbili.

Endesha hivyo kwanza. Ukiona bado unahitaji gea, nenda kwenye habu ya gea tatu, usiende kwenye gea za nje zenye kirusha cheni. Zile za nje zitakulazimisha kuondoa kava la cheni na kuipanua fremu nyuma, na cheni itabaki wazi kwa vumbi. Habu ya ndani ya Sturmey-Archer, kampuni iliyoanza 1902 huko huko Nottingham, imekuwa ndani ya baiskeli za namna hii kwa vizazi. Ile maarufu, AW, ina gea ya kati iliyo sawa na sproketi yako, ya chini inayopunguza kwa robo, na ya juu inayoongeza kwa theluthi. Kwa 48 na 22 utapata takriban mita 3.7, 4.9 na 6.5. Angalia nilivyoanza na 22: watu hufunga habu hii na kubakisha sproketi ya 18, gea yao ya juu ikawa kubwa kiasi kwamba hawaitumii kamwe. Pima upana kati ya masikio ya fremu nyuma, pale ekseli inapofungwa, linganisha na ekseli ya habu, na ukumbuke yale matundu 40.

Kikapu cha mbele nakubali, kwa mizigo midogo. Uma wa baiskeli hii umelala sana na umepinda mbele. Uzito ukikaa juu ya usukani, gurudumu linataka kugeuka lenyewe ukiwa mwendo wa polepole. Chagua chenye miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli, na kizito kikae kwenye keria nyuma.

Tumefika kwenye rangi. Rangi ile nyeusi ilikaushwa kwa moto tanurini na ni ngumu kuliko nyingi za kopo utakazopata leo, na ile mistari ya dhahabu kwenye fremu ilichorwa kwa brashi na mkono wa mtu. Ukiikwangua hairudi. Kabla ya kuamua, ioshe kwa maji na sabuni laini, ikauke, ipake nta ya gari kwa kitambaa, ukiwa mwepesi kabisa juu ya nembo na ile mistari. Kutu ya juujuu kwenye kromu inatoka kwa kipande cha karatasi ya alumini kilicholowa maji. Usitumie steel-wool ya jikoni kwenye nembo. Nimeona baiskeli nyingi zilizohukumiwa kupakwa rangi ambazo chini ya uchafu zilikuwa na weusi wa kina usioweza kununuliwa.

Kama kutu imeshakula chuma kweli, hapo kupaka ni kuiokoa, na fanya bila majuto. Usipige msasa mkavu, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Lowesha, vaa barakoa, kusanya uchafu wake. Ziba nyuzi zote na mahali pa vikombe kabla ya kupaka. Rangi ya unga inayookwa ni imara lakini ni nene, huzifuta zile kingo nzuri za viungio vya fremu. Kwa fremu hii ningechagua ya kunyunyiza, tabaka jembamba jembamba.

Ila kwa hiyo bluu yako nina njia ninayoipenda zaidi. Nunua madigadi na kava la cheni vya akiba, vipya au vikuukuu, kwa kuwa vinapatikana kuliko fremu. Vipake bluu unayoiota, iliyokolea, uvifunge. Vile vyeusi vya asili viingie kabatini. Utaona bluu kila uangaliapo chini, fremu nyeusi itaifanya ing'ae zaidi, na hakuna kilichopotea.

Jina pia liende hapo hapo, kwenye kava la cheni, badala ya kulichonga kwenye fremu ambako hudhoofisha rangi na kukaribisha kutu. Mtafute mchoraji wa mabango mwenye mkono uliotulia, akuandikie herufi za kwanza za jina lako kwa rangi ya dhahabu, unene ule ule wa mistari ya fremu. Maandishi yaache yakauke kabisa, siku kadhaa, kisha apake vanishi juu, la sivyo mafuta ya cheni na pindo la suruali vitayafuta maandishi kabla msimu haujaisha.